Mratibu wa Upepo Aliyeogopa Ziwa

Jina lake sitalitaja. Hapa mwaloni, pale mitumbwi yetu inapotia nanga, hakuna aliyewahi kulitumia. Kwetu yeye alikuwa Mratibu, na mke wake, aliyefanya kazi kwenye zahanati yetu, alikuwa Nesi. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, alisoma na nani, hayo huandikwa kwenye kile kikaratasi cha mazishi chenye picha, na yeye bado yu hai. Mimi nitasema niliyoyaona na kuyasikia kwa miaka yote aliyotujia na umeme wake wa upepo. Mkiona nimemcheka sana, mjue nimejizuia.

Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kuliteremsha lengo la taifa hadi mashinani. Lengo lenyewe lilikuwa hivi: ifikapo mwaka fulani, mitambo mirefu ya upepo itasimikwa ndani ya ziwa, mbele ya mahali tunapovua mukene, wale dagaa ambao wenzetu wa Kenya huwaita omena. Umeme utapita chini ya maji hadi ufukweni, kisha uende Busia, uende Tororo, uende kokote taifa linakoutaka. Si jambo baya hata kidogo. Tuliambiwa kuna nchi zinafanya hivyo baharini na watu wake wanachemsha chai kwa upepo, nami sina sababu ya kubisha.

Sisi tulichokitaka kilikuwa kidogo zaidi. Tulitaka nguzo. Laini ya umeme ilikuwa imefika Masaba, na kutoka Masaba kuja kwetu si safari ya kubeba chakula. Zahanati yetu haikuwa na taa, na samaki ambao wangesafiri wabichi kwenye barafu walikuwa wanaishia kukaangwa au kuanikwa kwa sababu barafu ilitoka mjini na ilifika ikiwa nusu maji. Mimi nauza samaki, kwa hiyo nasema jambo ninalolijua kwa pua. Baba yangu, aliyekuwa mwenyekiti wa mwalo, alizifuatilia nguzo hizo mpaka viatu vyake vikawajua makarani. Hayo nitayarudia.

Mratibu alikuwa na namna yake ya kusema. Hakusema "kesho", hakusema "mvua ikiisha", hakusema "Mungu akipenda". Alisema "ifikapo mwaka". Hata kwenye salamu. Ukimwambia mulembe, kama tunavyosalimiana, anaitikia mulembe, anakushika mkono, anakuuliza habari ya watoto wako mmoja mmoja kwa majina yao, kwa maana kumbukumbu alikuwa nayo, kisha anakwambia ifikapo mwaka ule watoto hao watakuwa wanasomea taa za ziwa. Mwanangu wa kwanza aliambiwa hivyo akiwa mgongoni. Sasa ana ndevu.

Alikuwa na maneno yake mengine. "Tuko njiani." "Tumeshapita hatua ya kuota, tuko hatua ya kupanga." Na lile alilolipenda kuliko yote, alilolisema akiwa ameinua kidole: "Lengo si ahadi, lengo ni mwelekeo." Ukimwuliza kwa nini basi alilitangaza kama ahadi, anacheka, anakupigapiga begani, anasema, "Binti Mwenyekiti, wewe ungefaa bungeni." Kwa kilemba hicho cha ukoka alinifunga mdomo mara nyingi, nami nilikivaa.

Kulikuwa na bango. Lilisimikwa pale barabara inapoingia mwaloni, limechorwa mitambo mitatu yenye mapanga meupe ya kuzungushwa na upepo, na ziwa la buluu ambalo halina hata mtumbwi mmoja, kana kwamba sisi tulikuwa tumeshahamishwa. Chini yake kulikuwa na maandishi kwamba mwalo huu utawasha taifa ifikapo mwaka huo. Mwaka ulipokaribia, alikuja fundi rangi kutoka Busia, akakwangua tarakimu na kuandika nyingine. Huo nao ulipokaribia, akaja tena. Rangi juu ya rangi, mwishowe pale penye mwaka pakavimba kama jipu, na watoto wakawa wanapapapasa kwa vidole wakipita kwenda shule. Mchuuzi mmoja mama kutoka upande wa Kenya, anayekuja kununua omena kwetu, alisimama siku moja akimtazama fundi anavyosugua.

"Kwani hii stima yenu huwa ni ya kupakwa rangi?" akaniuliza. "Si mngenishow mapema, sisi kwetu tuko na rangi mob, debe kwa debe."

Upande wao ulikuwa unawaka taa.

Bango hilo lilianguka kwa upepo. Sitii chumvi. Dhoruba moja ya ziwani ililing'oa na kulilaza kifudifudi, na mwenye kibanda cha chapati akaliomba, akalifanya mlango. Upande wa mitambo aliugeuza ndani, maana alisema mapanga yale yanawafukuzia wateja hamu ya kula.

Sasa niseme la ajabu. Mtu huyu aliyetuletea habari za mitambo ya ndani ya ziwa hakuwahi kupanda mtumbwi. Aliogopa maji. Si kuogopa kwa mtu asiyejua kuogelea, hata wavuvi wengi wa kwetu hawajui kuogelea. Yeye hata kulitazama ziwa kwa muda mrefu hakuweza. Alisimama akiligeuzia mgongo na kulionyesha kwa mkono wa nyuma, hivi, kama mtu anayemsema jirani aliye karibu kusikia. Vijana wa mitumbwi walimbembeleza.

"Mzee, panda tu. Sisi napeleka wewe pale kwa jiwe, naona mahali ya mashine, narudisha wewe. Jaketi iko."

"Hatua hiyo bado," alijibu Mratibu. "Kila kitu kwa hatua yake."

Ndiyo maana ulipoletwa mlingoti wa kupimia upepo, ule wenye vikombe vinavyozunguka juu, haukwenda kusimama kwenye mwamba ulio ndani ya maji, kama watu wa mradi walivyoelekeza. Ulisimama nchi kavu, nyuma ya mikalitusi ya kanisa, mahali ambapo hata moshi wa jikoni hupanda wima. Upepo wa ziwani ulipimwa nyuma ya miti. Wanawake wakafunga kamba za nguo kwenye waya zake, na vikombe vya juu, siku vilipoamua kuzunguka, vilizunguka kwa uvivu wa mtu aliyeshiba. Walipokuja wageni wa mradi wakamwuliza kwa nini mlingoti uko pale, alisema jamii ndiyo iliyochagua mahali. Jamii ilikuwa imesimama hapohapo, inasikiliza, na ikanyamaza kwa sababu wageni walikuwa wamekuja na soda.

Na upepo wenyewe hakuupenda. Mtu wa upepo, lakini alitembea na skafu ya sufu shingoni katika joto letu hili, na gari lake lilikuwa na vioo vilivyopandishwa daima. Ukimpa kiti upande unaoingia hewa, anahama. Alisema upepo wa ziwa unamletea mafua na kumwingia masikioni. Nesi, mkewe, alikuwa anamcheka mbele ya watu.

"Huyu bwana yangu," alituambia siku moja kwenye foleni ya zahanati, "ataletea nyinyi taa siku ile samaki wanaanza kutembea na miguu. Mimi nalala na yeye, najua. Feni ikiwaka, yeye nafunika kichwa."

Nesi nilimpenda. Siku za kazi alilala kwenye kile chumba cha nyuma ya zahanati, mwisho wa juma anakwenda kwao Kiyeyi, upande wa Tororo, ambako walikuwa na nyumba yao. Wanawake wa mwalo huu wengi wamejifungua mikononi mwake, naye ameng'ata tochi kwa meno kwa sababu mikono yote miwili inahitajika. Meno yake ya mbele yalikuwa na alama. Aliwahi kunionyesha, akacheka, akasema hiyo ndiyo sahihi ya serikali. Mumewe alikuwa anatangaza umeme wa ziwa kwenye mikutano huku yeye akinunua betri.

Warsha zake nilihudhuria moja. Ilikuwa Tororo, katika hoteli iliyo chini ya ule mwamba mkubwa wa mjini, na mimi nilialikwa kuwawakilisha wanawake wa samaki. Tulikaa kwenye viti vyenye vitambaa, tukapewa kalamu, na Mratibu akawasha mashine ya picha ukutani. Alikuwa amefika pale panaposema "ifikapo mwaka" umeme ulipokatika. Ukumbi ulikuwa wa ndani, mapazia mazito, tukawa gizani tupu. Nilidhani atasubiri. Hakusubiri. Sauti yake iliendelea palepale ilipoachia, inaeleza mapanga yatakavyozunguka, na aliyekaa mbele alituambia baadaye kwamba alipunga mikono yake yote miwili kuonyesha, mpaka akamgonga mwenyekiti wa mkutano usoni. Jenereta lilipoitikia huko nje na taa zikarudi, watu wakapiga makofi kwa furaha. Mratibu aliinama kidogo, akashukuru. Alidhani tunampigia yeye.

Kuna siku nyingine, ya Malaba. Alikuwa amekwenda huko kwa shughuli zake, akaona kwenye foleni ya malori lori moja limebeba kitu kirefu kilichofunikwa turubai, kirefu mpaka kimepita nyuma na kufungwa kitambaa chekundu. Akapiga simu mwaloni: panga la kwanza limefika, liko mpakani, njooni mshuhudie historia. Tulikwenda, niseme nini, mimi na wengine kadhaa tuliojazana kwenye gari la samaki. Tulimkuta amevua kofia, amesimama kando ya lori kama mtu aliye mbele ya bendera. Wakala wa forodha aliyekuwa anashughulikia makaratasi ya mzigo huo alimtazama kwa huruma.

"Mzee, hii ni bomba ya maji," akasema. "Nakwenda mbali, Kigali huko. Haina maneno na upepo."

Mratibu akavaa kofia yake taratibu. "Leo bomba," akatuambia, "kesho panga. Njia ni hiihii moja." Kisha akatununulia mahindi ya kuchoma sote, akatuuliza kama tulisafiri salama. Ukarimu wake ulikuwa unaniudhi zaidi ya maneno yake, kwa sababu ulifanya isiwezekane kumchukia kwa raha.

Tena hakuwa mwizi. Hili lazima niliseme wazi, hata kama linaharibu hadithi yangu. Angekuwa mla rushwa tungejua la kufanya naye. Mla rushwa ana bei, na mwenye bei mnaelewana. Gari lake la kazi lilipeleka wagonjwa wetu Busia zaidi ya lilivyobeba mafaili. Kwenye misiba aliimba sauti ya nne, nzito na nzuri, na watu waliokuwa wamekauka machozi wakaanza upya. Aliamini alichokisema. Aliliamini lengo kama watu wengine wanavyoamini ufufuo, na alitaka nasi tuvumilie kwa namna hiyohiyo.

Ndiyo nimefika kwa baba.

Baba alipata nguzo. Baada ya miaka ya kwenda na kurudi, lori lilizishusha pale njia panda ya Masaba, zimelala kando ya barabara, nyeusi kwa dawa, zina harufu ambayo baba aliisifu kama manukato. Alikuwa anaugua tayari. Aliomba apelekwe akazione, akapelekwa, akaketi juu ya moja yao na fimbo yake. Alisema zikisimama zote, ya mwisho itakuwa mlangoni mwa zahanati, na hapo yeye hatakuwa na deni na mtu. Hakuishi kuona hata shimo moja likichimbwa.

Kwetu, na kwao Kiyeyi vilevile, mtu aliyepewa nafasi ya kusema mbele ya jeneza habishiwi. Akikosea jina la marehemu, unaitikia. Akisema uongo, unapiga makofi. Kubishana mbele ya maiti ni kumtukana aliyelala, na hakuna aliye tayari kubeba lawama hiyo. Wanasiasa wanalijua hilo, ndiyo maana hawakosi mazishi.

Mratibu alipewa nafasi ya kusema siku tulipomzika baba. Alivaa suti na skafu yake. Alimsifu baba vizuri, nilikuwa nalia na kutikisa kichwa. Kisha akasema, "Marehemu alitafuta nguzo. Lakini nguzo ni ndogo kwa mtu mkubwa kama huyu. Tumpe heshima inayomfaa. Mwalo wake hautaomba umeme kwa wengine, utawapa wengine. Nguzo zile ziende kwa ndugu zetu wasio na ziwa, nasi tungoje upepo wetu. Hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu ya Mwenyekiti."

Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, leso mkononi. Nilimtazama kaka yangu, kaka akautazama mchanga. Mchungaji akasema amina. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, kwa sababu baba alikuwa pale kati yetu ndani ya sanduku na sikuwa na jinsi nyingine. Nesi alikuwa nyuma yangu. Yeye hakupiga. Nilipogeuka niliona mikono yake imekunjwa kifuani.

Watu wa mradi wa nguzo walikuwepo mazishini. Wiki haikuisha, lori likarudi njia panda na kuzizoa zote. Tulipokwenda kuuliza, tulijibiwa kwa adabu kwamba jamii ilikubali hadharani, tena kwa makofi, na kwamba mwalo wetu umekwisha kuandikwa upande wa upepo. Nilimfuata Mratibu nikamwambia umetuua. Aliumia, niliona kabisa kwamba ameumia. Alisema, "Mimi nilikuwa nampa heshima baba yako." Na alimaanisha hivyo, mjinga yule.

Tangu siku ile sikuwahi tena kumwita mzee. Nilimwita Mratibu tu, na alijua sababu.

Miaka ikapita na mwaka wa bangoni ukahama kama nilivyosema. Alistaafu bila mtambo mmoja kusimama. Alipewa sherehe, cheti na saa ya ukutani inayotumia betri. Nesi naye alistaafu, na zahanati ikaletewa nesi mwingine na tochi nyingine. Kisha tukasikia Nesi ameshikwa na presha, kisha tukasikia amefariki.

Tulikwenda Kiyeyi, wanawake wa mwalo, gari zima. Nilimlilia Nesi kwa moyo wangu wote. Lakini macho hayana adabu, na macho yangu yaliona waya unaotoka kwenye nguzo ya barabarani, unaingia chini ya paa la nyumba ya Mratibu, na waya mwingine unaotoka dirishani kwenda kwenye vipaza sauti. Baba yangu alizikwa kwa jenereta la kukodi lililokuwa linakohoa katikati ya maombi. Hapa sauti ilikuwa safi, nyororo, haikatiki. Walikuwa na umeme wa nguzo tangu zamani.

Mshereheshaji akatangaza: wanawake wa mwaloni, mwakilishi wao aje aseme machache. Wakanisukuma mimi.

Sikuwa nimepanga. Naapa kwa hilo. Nilisema aliyotufanyia Nesi, nikasema habari ya tochi na meno, na watu wakalia. Mratibu alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaburi, amevaa ile skafu, ameinamisha kichwa. Nikamwona mdogo. Kisha nikausikia mkono wangu unavyoshika kipaza sauti, na sauti yangu inavyotoka nzuri kwa umeme wake, nikakasirika upya kana kwamba baba amezikwa asubuhi ileile.

"Nina neno moja la mwisho," nikasema. "Mratibu ni mnyenyekevu, hatalisema mwenyewe. Ameniahidi jambo kwa ajili ya mkewe. Amesema kaburi hili halitatiwa saruji mpaka nguzo za umeme zifike kwenye zahanati ambayo Nesi aliitumikia. Nguzo, si upepo. Hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu yake."

Hakuwa ameniahidi kitu. Alinyanyua kichwa, akanitazama. Kulikuwa na watu mia kadhaa pale, wakwe, makasisi, walimu, majirani wa Kiyeyi, na hakuna hata mmoja aliyeelewa isipokuwa sisi wawili na, nadhani, yule aliyelala. Kasisi akasema amina. Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Mratibu akatoa mikono yake magotini, akapiga makofi pia.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, alinifuata kwenye gari letu.

"Binti Mwenyekiti," akasema, "umesoma vizuri."

"Nilikuwa na mwalimu."

"Mwaka unaweza kubadilishwa," akasema. "Kaburi siwezi." Kisha akarudi kwa wageni wake.

Sikujuta. Wapo walioniambia baadaye kwamba nimefanya ukatili, kumfunga mtu kwa kaburi la mkewe. Labda. Niliwauliza walikuwa wapi tulipofungwa sisi kwa kaburi la baba, wakaanza kuzungumzia bei ya mihogo.

Nilimwona mwezi uliopita. Nilikuwa nimekwenda Tororo, kwenye ofisi inayoshughulika na laini za umeme, kama ninavyokwenda kila nipatapo nafasi, maana kiatu cha baba nimekirithi mimi. Kwenye benchi la korido, kati ya mwanamke mwenye mita iliyoungua na mzee aliyelala usingizi, alikuwa ameketi Mratibu. Amekonda. Skafu ileile, sasa imetoka nyuzi.

Nilijiandaa kucheka. Nilikuwa nimeingoja siku ya kumwona kwenye benchi lile.

Jina lake likaitwa kabla sijafungua mdomo. Mlango wa afisa uliachwa wazi kwa sababu ya joto, nikasimama pale nikasikia yote. Afisa alikuwa mwanamke mwenye adabu, sauti ya upole.

"Mzee, pole sana kwa kurudi-rudi," akamwambia. "Lakini hiyo mwalo haiko kwa mambo ya nguzo. Wao wametengewa upepo ya ziwa. Nikiweka nguzo pale, wakubwa watauliza mimi kwa nini narudisha taifa nyuma."

"Najua," akasema Mratibu. "Lakini kuna zahanati."

"Hata hiyo zahanati itapata. Ifikapo mwaka..." na akautaja mwaka, mpya kabisa, sijawahi kuusikia.

Nikamsikia Mratibu anavuta pumzi.

"Mama, maneno hayo niliyaandika mimi."

"Basi mzee unajua kuliko sisi," akasema yule afisa, bila kejeli, kwa heshima kabisa. "Lengo si ahadi, mzee. Ni mwelekeo. Tuko njiani."

Alitoka akakaa tena benchini, karibu yangu safari hii. Kile kicheko nilichokiandaa nilikitafuta nikakikosa. Nilihisi hasira tu, na sikujua tena niielekeze kwa nani, maana mtu niliyekuwa naye pale alikuwa upande wangu, na hakuwa na nguvu kunizidi.

"Umekuja mara ngapi?" nikamwuliza.

"Sijahesabu. Nitarudi Jumatatu."

"Jumatatu ya mwaka gani?"

Hakucheka. Aliikunja skafu yake magotini, akailainisha kwa kiganja. Dirisha la korido lilikuwa wazi na upepo unampiga shingoni, hakuhama.

"Mvua imekula pembe moja ya kaburi," akasema. "Watoto wanataka tujenge. Nimewaambia bado." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anavyouliza mtu aliye dukani, "Binti Mwenyekiti, saruji ikishanunuliwa hukaa muda gani kabla haijaganda ndani ya mifuko?"

"Umeiweka wapi?"

"Sebuleni. Chini."

"Usiiweke chini, mzee," nikamwambia. "Sakafu inavuta maji. Iinue juu ya mbao."